Gasketi ya Ngozi ya Fahali

Katika miaka ile ambayo kila mwenye sururu upande wa Nyamongo alijiona tajiri aliyechelewa kidogo tu, nilikuwa na mazoea ambayo sikumweleza mtu. Jioni, pikapu yetu iliporudi nyumbani Morotonga, nilisubiri shemeji yangu aende kunawa. Kisha niliingia upande wa dereva, nikageuza ufunguo hatua moja bila kuwasha injini, nikasoma mshale wa geji ya mafuta. Asubuhi, kabla hajaamka, nilirudia. Jioni mshale ulisimama kwenye nusu. Asubuhi ulikuwa umeshuka hadi robo, na siku nyingine chini ya robo. Gari lilikuwa limelala palepale uani, magurudumu yakiwa yameziba alama zake zilezile vumbini.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada, na nilijiona mtu anayejua kupima ushahidi. Mshale wa jioni na mshale wa asubuhi ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu. Sikuhitaji kingine.

Shemeji huyo ni mdogo wa mke wangu, wa tumbo moja. Ng'ombe niliowapeleka kwao Nyarero ndio waliomwoza yeye, na kwa desturi ya kwao jambo hilo halisahauliki. Dada akiachika, ng'ombe hudaiwa, na ndoa ya kaka hutikisika pamoja na ya dada. Kwa hiyo hakuwa dereva wa kuajiriwa. Siku nilipopata pikapu ile kuukuu, niliona ni sawa kabisa kumkabidhi yeye. Aliondoka na unga, sukari na nyanya kwenda machimboni, akarudi na abiria waliojaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mimi nilibaki shuleni nikifundisha, na kazi niliyojiwekea kwenye gari ilikuwa moja tu: kujaza mafuta. Niliyanunua Mugumu kwa madumu ya lita ishirini, nikayamimina kwa mkono wangu kila mshale uliposhuka hadi robo.

Anayejua machimbo anaelewa kwa nini petroli ilinitia mashaka. Maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yalikuwa yanajaa maji, na bila pampu hakuna aliyeweza kushuka chini. Pampu zilikunywa petroli mchana kutwa. Mtu mwenye mpira na dumu tupu angeweza kuyanyonya mafuta ya gari la mwenzake na kumaliza kuyauza kabla chai haijapoa. Tulizisikia habari hizo kila juma, na madereva wenyewe walitaniana nazo. Mimi nilizisikia, nikazihifadhi, kisha nikazivisha sura ya shemeji yangu.

Kuna jioni alinijia akiwa bado ananuka petroli. "Shemeji," aliniambia, "nikipanda ule mlima wa kabla ya Nyamongo, mafuta yanamwagika kwenye mfuniko. Angalia bodi hapa, yamechirizika mpaka chini."

Niliangalia. Kweli kulikuwa na michirizi. Lakini nilifikiri nini? Nilifikiri: anajitengenezea njia. Leo anasema yamemwagika ili kesho nikiuliza awe na jibu. Mshale ulikuwa robo, robo itamwagikaje? Nilimwambia tu kwamba nitatafuta mfuniko mwingine, na sikuutafuta. Leo nikikumbuka jioni ile huona kwamba aliniletea jibu lote mkononi, likiwa bado linanuka, nami nikalipokea kama kosa jingine la kumwandikia.

Neno lenyewe lilinitoka asubuhi ya Jumatano, wakati wa kupakia. Nilikuwa nimetoka kusoma mshale. Yeye alikuwa amesimama juu ya mizigo akivuta kamba.

"Shemeji," nilisema, "mafuta yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda Nyamongo, yanarudi," alijibu akicheka. "Kwani wewe unataka yaende Mwanza?"

"Nauliza yanayokwenda gari likiwa limelala."

Aliiacha kamba. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na beseni la vyombo, aliliweka chini taratibu, bila kutoa sauti hata ya kijiko.

"Sema vizuri," shemeji alisema. "Mimi sikwenda chuo kikuu. Sema kama unavyosema na watu wa kwetu."

"Jioni nusu, asubuhi robo. Wanaolala hapa ni mimi, dada yako, watoto na wewe. Nani anajua njia ya pampu?"

Aliruka chini. Nilidhani atanipiga, ni mtu mwenye mabega ya kupindua mkokoteni. Badala yake alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya boneti kama mtu anayemrudishia mwenye duka shilingi ya bandia.

"Haya," alisema. "Umesema mbele ya dada yangu. Basi utasema tena mbele ya baba yangu." Alichukua koti lake, akaenda barabarani kutafuta gari la kumpeleka kwao.

Ujumbe wa baba mkwe ulifika siku iliyofuata, kwa mdomo wa abiria mmoja aliyeshuka Mugumu. Ulikuwa mfupi: Jumamosi nifike Nyarero na mdomo wangu uliosema. Kijana ameomba aapishwe, na wazee wamekubali.

Lazima nieleze kiapo hicho, maana bila kukielewa mtu atadhani niliogopa aibu tu. Kiapo cha wazee humfuata aliyeiba akakana, na kwa nguvu ileile humfuata aliyemsingizia mwenzake. Wala hakiishii kwa mtu mmoja. Hushuka kwa watoto na kupanda kwa ndugu. Sasa, watoto wangu ni damu yangu na ni damu ya nyumba ile. Kama shemeji ameiba, kiapo kitawapata watoto wangu kupitia kwa mama yao. Kama hakuiba, kitawapata kupitia kwangu. Popote ambapo jiwe la kiapo kile lingeanguka, lilikuwa linaanguka juu ya paa langu. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa Mkristo, mambo kama hayo niliyajadili darasani kwa utulivu mkubwa. Naungama kwamba usiku wa Alhamisi sikulala.

Ijumaa mchana nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mke wangu anapepeta mahindi. Tangu Jumatano alikuwa ananihudumia chakula bila neno. Nilikaa kwenye kigoda karibu naye.

"Unadhani ameiba?" nilimuuliza.

"Unaniuliza mimi sasa?" Aliendelea kupepeta. "Mwalimu, wewe uliyapima?"

Akiwa na hasira huniita Mwalimu.

"Nimeyapima wiki tatu. Jioni na asubuhi."

"Umepima mshale. Mimi nikitaka kujua unga umebaki kiasi gani, siangalii mfuniko wa pipa. Nafungua pipa." Aliweka ungo chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. "Huo mshale ni shahidi mmoja. Na wewe hujawahi kumuuliza ana ugomvi gani na mdogo wangu."

Niliinuka kwenda kutafuta spana.

Chini ya tangi la pikapu ile kulikuwa na bolti ya kumwagia uchafu. Kabla ya kulala chini nilienda nikageuza ufunguo, nikamwita mke wangu aje aone mwenyewe: mshale ulikuwa umelala kidogo tu juu ya wekundu. "Ukimwaga hapa," nilimwambia, "hutajaza hata sufuria." Alikwenda kuzima moto jikoni, akamwaga maji juu ya majivu kwa uhakika, akarudi na dumu tupu la lita ishirini na karai.

Nililegeza bolti. Petroli ikaanguka kwenye karai kwa mkondo mnene, baridi, ikipita kwenye vidole vyangu hadi kiwiko. Yeye alichota na kumimina kwenye dumu. Nilikuwa nasubiri mkondo ulegee. Haukulegea. Karai likajaa, likamwagwa, likajaa tena.

"Dumu limejaa," alisema.

"Limejaa kweli?"

"Njoo unywe kama huamini."

Nilirudisha bolti kwa kidole wakati akitafuta dumu la pili, lile la maji ya kunywa, akalipangusa kwa khanga. Likajaa nalo. Akaleta ndoo ya kuogea. Nilikuwa chali chini ya gari, petroli ikinichoma kwenye mchubuko wa mkono, na ndani ya kifua changu kulikuwa na kitu kinachofunguka kadiri ndoo ilivyokuwa inapanda. Kila lita iliyoshuka ilimtoa shemeji hatua moja kutoka mahali nilipomweka, na ilinisukuma mimi hatua moja kuingia humo. Sikujali. Ningeweza kukaa chini ya tangi lile hadi Krismasi, mradi liendelee kutoa.

Ndoo ilipofika ukingoni mkondo ulianza kukatika. Mke wangu aliinama, akachungulia chini ya gari. Macho yake yalikuwa na machozi, sijui ya mvuke au ya nini.

"Mwizi gani huyu," alisema, "anayekuja usiku kukuongezea?"

Tulianza kucheka. Tulicheka vibaya, kicheko cha watu wanaonuka petroli, mimi nikiwa bado nimelala mgongo, naye amekaa vumbini akishika ndoo kwa mikono miwili isije ikapinduka.

Hata hivyo bado nilihitaji kujua ni nini kilichonidanganya. Nisingeweza kwenda Nyarero na nusu ya habari. Tuliyarudisha mafuta tangini, nikaendesha hadi Mugumu kwa fundi mmoja, Mjaluo wa upande wa Shirati, ambaye hakuwahi kumtengenezea mtu gari bila kumtengenezea na jina la utani. Nilimweleza jambo la mshale, nikaacha jambo la shemeji.

Alipanda kwenye bodi, akafungua kifuniko kilicho juu ya tangi, akachomoa waya wa geji. "Washa, usipige stata," aliniambia. "Sema unaona nini." Akaugusisha ncha ya waya kwenye chuma cha bodi.

"Umeruka! Umefika juu kabisa!"

"Basi mshale mzima, waya mzima. Tusiwatukane hao." Akaurudisha waya mahali pake. "Sasa?"

"Umelala."

Alichukua kipande cha waya mwingine, akakwangua kutu mahali padogo kwenye bodi, akashikiza ncha moja hapo, na ncha ya pili akaiweka kwenye sahani ya chuma inayoshikilia boya la geji ndani ya tangi. Mshale ukapanda taratibu, bila haraka yoyote, ukapita nusu, ukapita robo tatu, ukatulia karibu na juu. Alipoondoa waya, ulianguka. Alipourudisha, ulipanda. Alifanya hivyo mara tatu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Haina ethi, omera," alisema, akiniita ndugu kwa Kijaluo. "Boya linasema kweli, lakini sauti yake haipati njia ya kurudi kwenye bodi." Akainama, akaichungulia ile sahani, akaingiza ncha ya bisibisi pembeni yake. Akanusa. "Hii gasketi nani ameikata?"

Nilijua kabla hajamaliza. Miezi kadhaa nyuma, petroli ilikuwa inavuja pale juu, gasketi ya mpira ikiwa imekwisha. Nilikosa ya dukani. Uani kulikuwa na ngozi ya fahali tuliyemchinja siku ya ubatizo wa mwanetu wa mwisho, ngozi nzuri, nene, iliyokauka vizuri. Nilichora duara kwa kalamu, nikakata kwa kisu, nikatoboa matundu ya skrubu kwa msumari wa moto. Ilikaa kama imezaliwa pale. Haikuvuja hata tone. Nilijivunia gasketi ile kuliko nilivyojivunia shahada. Nilimwonyesha kila mgeni.

"Mimi," nilijibu.

"Ya mnyama gani?"

"Fahali."

Fundi alikaa kitako juu ya bodi. "Ninyi watu wa ng'ombe! Nyumba ng'ombe, harusi ng'ombe, sasa hata tangi la petroli mnalivalisha ng'ombe." Akanieleza kwamba ngozi ile ilikuwa imeitenga sahani na tangi, na njia pekee iliyobaki ni skrubu, nazo zimekula kutu. Gari likitembea na kutikisika, skrubu zinagusa chuma vizuri, mshale unapata nguvu kidogo. Likilala na umande ukiingia, zinaachia. "Kwa hiyo jioni nusu ya uongo, asubuhi robo ya uongo. Na wewe ukiona robo?"

"Nikiona robo naongeza dumu."

"Mpaka linamwagika mlimani." Alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaniangalia, akaacha. Nadhani usoni mwangu aliona kwamba jambo lilikuwa na mtu ndani yake. Alikata gasketi mpya kutoka kwenye mpira wa gurudumu, akafunga waya mfupi kutoka kwenye sahani hadi kwenye bodi, akapasugua mahali pake kwa msasa hadi pakang'aa. Ngozi akanikabidhi. "Mpelekee uliyemkosea," alisema. Sikuwa nimemwambia.

Jumamosi nilifika Nyarero na pikapu kabla ya jua kuwa kali. Wazee watano walikuwa wamekaa kwenye vigoda mbele ya zizi, ng'ombe wakiwa bado ndani. Shemeji alisimama peke yake upande mmoja, ameoga, amevaa shati jeupe, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Hakunitazama.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba." Baba mkwe aliniita kwa neno ambalo wazee wa kwao huwaita vijana. "Mura, umekuja na mdomo?"

"Nimekuja nao, baba. Nimekuja kuyameza maneno yake."

Nilisema yote. Sikupunguza. Nilieleza mazoea yangu ya jioni na asubuhi, na jinsi kijana alivyoniambia mafuta yanamwagika nami nikamwona mjanja. Nilieleza madumu mawili na ndoo. Nilisema kwamba neno nililolisema Jumatano nalirudisha mbele yao wote, na kwamba kama lazima mtu aapishwe, basi niapishwe mimi kwa kusema uongo bila kujua. Mwishoni nilitoa ile ngozi mfukoni, ikiwa imeviringika na bado inanuka, nikaiweka chini mbele ya baba mkwe.

Hakuigusa. Alimtazama mwanawe. "Njoo uone mwenzako aliyeiba."

Shemeji alikuja, akachuchumaa, akaiokota. Aliipindua, akapitisha kidole gumba kwenye upande wa manyoya, mahali palipobaki doa jeupe dogo. Nilisikia ng'ombe mmoja akijisugua kwenye nguzo za zizi.

"Huyu ni yule wa ubatizo," alisema hatimaye. "Mwenye baka jeupe ubavuni."

"Ndiye," nilisema.

"Nilimchuna mimi." Akamgeukia baba yake, na nikaona mdomo wake unapambana na kicheko usishinde. "Baba, niliomba niapishwe kwamba sikuhusika. Siwezi. Kisu kilikuwa changu."

Mzee mmoja alipiga goti lake kwa kofi, na wengine wakafuata. Baba mkwe alijaribu kubaki na uso wa baraza, akashindwa, akafuta macho kwa ukingo wa mkono. Mimi nilibaki nimesimama. Nilitamani mtu anipe kigoda, lakini sikuthubutu kuomba.

Walipotulia, baba mkwe alitoa uamuzi, maana neno likitamkwa haliwezi kuachwa liondoke bure. Kiapo hakitafanyika. Nitaleta mbuzi, na mbuzi huyo ataliwa na sisi wawili, mimi na shemeji, kutoka sinia moja. Kisha alimuuliza mwanawe kama ana neno la ziada.

"Ninalo," alisema shemeji. "Sitaki kitu. Nataka ufunguo, halafu nataka huyu mwalimu arudi kwake akiwa amekaa nyuma, kwenye mizigo. Tutapita Nyamongo katikati, kila mtu amwone."

"Ni haki," alisema baba mkwe.

Nilimpa ufunguo. Safari hii aliupokea kwa mikono miwili, na mimi niliutoa kwa mikono miwili.

Tulipakia magunia manne ya ndizi za mama mkwe, nikapanda juu yake. Tulipita Nyamongo saa ya wachimbaji kutoka mashimoni, nikiwa nimeshika kamba, suti yangu ya kanisani imegeuka rangi ya kifusi. Watu waliomjua shemeji walimwita wakiuliza kabeba nini huko nyuma. "Kifaa cha kupimia mafuta," aliwajibu kila mmoja, na kila mara nilisikia jinsi anavyolipenda jibu lake. Nilikuwa na vumbi kwenye meno. Sidhani kama niliwahi kusafiri vizuri namna ile, kabla au baada. Wanangu walikuwa nyumbani, wazima, hawajui kwamba kuna jambo lilipita juu ya vichwa vyao bila kuwagusa.

Baada ya kuvuka Mto Mara alisimamisha gari pembeni, akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji!"

"Naam!"

"Mshale unasema robo tatu. Niuamini, au tushuke tupime kwa ndoo?"

"Wewe unasemaje?"

Alifikiri, au alijifanya kufikiri. Kisha akashuka, akazunguka hadi upande wa pili, akaufungua mlango wa abiria, akausimamia kama utingo anayemsubiri mzee.

"Mimi nasema njoo ukae mbele," alisema. "Umeshachoka kuonwa."